Ufunguo wa Nyumba ya Mizoga

Vijana wangu, nawaamkua nyote kwa mpigo mmoja, maana nikishaanza kusema sirudi nyuma.

Mjukuu wangu Omari ameniandikia kutoka huko bara, kwenye msitu wa mlimani alikoajiriwa. Anasema mna nyumba kubwa ya kupokelea wageni, ina madirisha ya vioo, mafuvu ya nyati, vibao vya maelezo kila kona, na njia iliyofagiliwa inayoingia mitini. Anasema mko kumi na wawili, mmevaa nguo za rangi moja, na baridi ya huko humfanya mtu ajifunike blanketi mchana kweupe. Kisha akaniomba: "Babu, waandikie wenzangu maneno mawili kuhusu kazi hii, kwa kuwa wewe uliifanya kabla baba zao hawajazaliwa."

Maneno mawili! Omari ananijua. Alitaka kunichokoza tu.

Basi sikizeni. Kazi mnayoiona mpya mimi niliifanya hapa Amu, ndiyo Lamu yenu, miaka ile kabla ya vita vya pili vya Mjerumani. Nimeonyesha wageni wengi kuliko nywele za punda wote wa mji huu, na wengine niliwaonyesha mara mbili kwa sababu walikataa kuondoka. Najua mnangoja niwafundishe majina ya ndege. Hayo mtayapata vitabuni. Mimi nitawaeleza wivu, kwa kuwa ndio ulionishika miaka minne mizima katika kazi ile, na hakuna aliyenionya kwamba unakuja pamoja na kazi.

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo, upande wa Manda, ukingoni kabisa mwa mikoko. Aliyeijenga ni Mwingereza mmoja aliyekuwa akisimamia ukataji wa boriti, nasi tulimwita Bwana Misitu. Mtu huyu akiona mdudu aliyekufa alifurahi kama sisi tunavyofurahi kuuona mwezi wa Idi. Alijenga banda refu la makuti, akalijaza ndege waliokaushwa, magamba ya kasa, pembe, mataya ya papa, vipande vya miti ya kila namna, na sanduku la konokono lenye kifuniko cha kioo. Meli ikitia nanga, abiria walioshuka kunyoosha miguu waliletwa kwetu kwa mashua wakaone mambo ya nchi. Nje ya banda tuliweka njia ya boriti zilizolazwa juu ya matope, ikaingia ndani ya mikoko hadi kwenye dungu dogo la kusimama na kutazama ndege.

Watu wa Amu waliiita Nyumba ya Mizoga. Nikipita barazani jioni, lazima mtu mmoja aseme:

"Bwana Lali, mizoga haijambo?"

"Haijambo," nami hujibu. "Wanakusalimu. Wamekuwekea nafasi karibu na kasa."

Mke wangu Bi Mwanesha hakuwa na mzaha. Nikirudi alinisimamisha mlangoni: "Vua kanzu hapo hapo. Wanuka kama mtu aliyezikwa akaghairi."

Harufu hiyo, vijana, nyinyi hamtaijua, kwa kuwa siku hizi mna dawa. Sisi tulikuwa na chumvi, majivu na dua. Na adui yetu mkubwa alikuwa sisimizi. Tuliisimamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, juu ya maji tukatia mafuta ya taa kidogo, na kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuchungulia makopo. Maji yakikauka siku moja tu, umekwisha. Idi moja tulifunga banda siku tatu. Niliporudi nilimkuta korongo amebaki mdomo, miguu na manyoya matano. Meli ilikuwa imeshatia nanga. Ningefanyaje? Nikawaambia wageni kwamba ndege huyu ndivyo alivyo, ni mwembamba sana. Bwana mmoja alimchora.

Jambo jingine: kuwabeba. Maji yakipwa mashua haifiki ufukoni, na mgeni hataki kutia viatu vyake matopeni, kwa hiyo tuliwabeba mgongoni. Mwambie ashike mabega, asishike shingo. Nilimbeba mmoja aliyekuwa na uzito wa magunia manne ya mchele, akashika shingo, na nilipomtua nilikuwa nimeshauona upande wa pili wa dunia na kurudi.

Sasa nije kwenye siri yangu. Kila kitu ndani ya banda kilikuwa na kikaratasi chake, kimeandikwa na Bwana Misitu kwa mkono wake, kwa Kiingereza, kwa herufi za Kizungu. Mimi nilisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kama watoto wote wa Amu. Msahafu nausoma, na barua ya herufi za Kiarabu naiandika bila kukwama. Lakini zile herufi za Kizungu kwangu zilikuwa kama nyayo za kuku. Siku ya kuajiriwa Bwana Misitu aliniuliza, "Unasoma?" Nikasema, "Nasoma." Si uongo. Hakuuliza nasoma nini.

Basi nilikariri. Maneno yangu ya Kiingereza yalikuwa kama ishirini, nikiyazungusha vizuri yanatosha saa nzima. Nilisimama mbele ya kila kitu, nikaweka kidole juu ya kikaratasi, nikakipitisha polepole kama mtu asomaye, huku nikisema niliyoyashika kichwani, na nisiyoyashika niliyatunga. Nilijivunia hasa sanduku la konokono, kwa sababu kikaratasi chake kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kidole changu kilichukua muda mrefu kufika mwisho, na wageni wakaniona mwanachuoni. Nilichosema kilikuwa kifupi tu: hawa ni konokono, wanakaa matopeni, hawaliwi.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Bwanaheri, mkata boriti wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Ufunguo wa nyumba aliufunga kwa kamba kiunoni, ufunguo wa chuma, mrefu kama kiganja. Aliyeshika ufunguo ndiye mkubwa: yeye hufungua asubuhi, yeye huamua nani aende na wageni gani, yeye hukaa na Bwana Misitu kwenye veranda na kunywa chai ya maziwa. Mzee Bwanaheri alinifundisha kazi yote. Akaniambia, "Lali, mgeni usimmiminie. Mpe kidogo, ngoja aulize." Sikumsikia. Mimi nilimimina.

Mzee alikuwa ameshasema kwamba mwaka ule ukiisha anarudi shambani kwake, kwa minazi yake, na ufunguo atamkabidhi mmoja wetu. Na wetu ilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nimeshamwambia Bi Mwanesha. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kama mtu mwenye chuma kiunoni.

Ndipo akaja Shekuwe.

Alitoka Chundwa, kijiji cha kisiwa cha pili, akapanda chombo bandarini Mtangawanda, akashuka kwetu na gunia begani. Bwana Misitu alitoka mbio kumpokea kama aliyeletewa ndugu. Kumbe walikuwa wanajuana. Huko nyuma, kabla hata sijaajiriwa mimi, Shekuwe alikuwa akimletea vitu kutoka mikokoni. Sasa akaajiriwa rasmi, kazi yake kuwatembeza wageni kwenye ile njia ya boriti.

Niwaeleze alivyokuwa. Mrefu, mweusi wa kung'aa, mkimya. Alitembea juu ya matope bila kuzama, mimi nikikanyaga pale pale naingia hadi magotini. Alikuwa na meno yote. Hata chafya yake ilikuwa nzuri, moja tu, safi, halafu "Alhamdulillahi" ya taratibu. Yangu ni saba na ndege huruka. Nilimwonea wivu wa chafya, vijana. Mtu akifika hapo ajue ni mgonjwa.

Na wageni walimpenda. Hapo ndipo palipouma. Mimi nawapokea, nawapitisha mbele ya meza, natoa jasho la Kiingereza ishirini, na wao wanasikiza kwa adabu. Tukifika kwenye konokono wanainama kwenye kikaratasi, wanatazamana, kisha mmoja huniuliza: "Shekuwe? Where is Shekuwe?" Hayo maneno yalikuwa miongoni mwa ishirini yangu, kwa bahati mbaya.

Si meli moja. Kila meli! Watu waliotoka Ulaya juzi, hawajawahi kukanyaga Amu, wanafika kwenye meza yangu na wanamtaja mtu wa Chundwa kwa jina. Nani aliwaambia? Nilikwenda kuwauliza manahodha wa mashua kama Shekuwe anawapa kitu wamtangaze njiani. Walinicheka. Nikaamua kwamba ni hirizi. Amezika hirizi chini ya kizingiti changu. Asubuhi moja nikawahi na jembe, nikaanza kuchimba mlangoni. Mzee Bwanaheri akanikuta.

"Lali, wazika au wafukua?"

"Natafuta panya, Mzee."

"Panya wa Chundwa?"

Nikafukia.

Alichokuwa akiwafanyia wageni huko ndani ya mikoko nilikichungulia siku moja. Aliangua tunda la mkomafi, mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto. Akaligonga kwenye gogo, likapasuka mbegu kumi na kitu, kila moja na pembe zake. Akawaonyesha kwa mikono: haya, lirudisheni kama lilivyokuwa. Basi mabwana wazima na mabibi wenye kofia za maua walikaa chini kwenye dungu, wakigombania mbegu na kucheka kama watoto wa chuo waliofunguliwa. Hakusema hata neno moja la Kiingereza! Mimi nasema ishirini na hakuna anayecheka ila pale nilipokosea.

Nikachukua makomafi mawili nyumbani. Baada ya swala ya alasiri nikakaa ukumbini, nikapasua, nikaanza kupanga. Maghrib ilinikuta bado. Bi Mwanesha alisimama juu yangu.

"Mume wangu, hiyo ndiyo kazi ya serikali?"

"Ndiyo."

"Na kesho watakupa kete za bao?"

Kisha akachutama, akazishika zile mbegu, akazipachika moja moja huku anazungumza na jirani dirishani, akabakiza moja tu mkononi isiyopata mahali. Hata mke wangu karibu amfikie Shekuwe, na mimi nimekaa na rundo. Sikula vizuri siku ile.

Sasa kuna kijiti. Mdomoni mwa mkondo mdogo, pale njia ya boriti inapoanza, Mzee Bwanaheri alichomeka kijiti chenye alama ya mkato. Sheria ilikuwa moja: maji yakiufunika mkato, hakuna kuingia, na waliomo watoke. Kwa sababu mkondo ule uliikata njia katikati, na maji yakijaa hujaa pale kwanza, kwa nyuma yako, wakati mbele bado ni matope makavu. Mtu wa dungu anaweza kuwa anatazama ndege kwa raha na hana tena pa kurudia.

Karibu na mwisho wa mwaka Bwana Misitu alituita verandani. Meli inakuja itakayokaa siku mbili. Jumatano wageni watatembezwa na Shekuwe, banda na mikoko vyote. Alhamisi watatembezwa na Lali, vyote vile vile. Atakayefanya vizuri, Mzee atamkabidhi ufunguo siku ya Jumamosi.

Siku hizo zilikuwa za bamvua, maji yanapojaa sana. Shekuwe aliitikia kwa kichwa tu. Mimi nilitabasamu hadi masikio yakauma, na ndani nilikuwa nachemka kama mafuta ya mahamri.

Jumanne alasiri, kila mtu ameondoka, nilikiendea kile kijiti. Sikutaka mtu adhurike, wallahi. Nilitaka kitu kidogo tu. Nikakishindilia kwa jiwe kikaingia matopeni shibiri moja. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mkato ukiwa chini, maji yataufunika mapema, Shekuwe ataona umefunikwa, atawaambia wageni hakuna kuingia, wageni watanuna, watasema huyu mvivu, na Bwana Misitu atasikia. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano wageni wakafika, maji yameanza kupanda. Nilisimama nyuma ya banda nachungulia. Shekuwe alikitazama kijiti, mkato umefunikwa. Akainama, akatazama mashina ya mikoko. Akatazama shina moja, la pili, la tatu. Kisha akawaambia wageni kwa mkono, "Twendeni, wakati upo." Wakaingia. Wakatoka wakavu, wanacheka, kila mmoja na mbegu za komafi mfukoni. Bibi mmoja alimpa mkono Shekuwe kwa mikono yake yote miwili. Mimi niliyemtoa bibi huyo mashuani mgongoni alinisahau.

Usiku ule sikulala. Alhamisi ni zamu yangu, na kijiti nimekiharibu mwenyewe. Kikibaki hivyo, mimi ndiye nitakayewanyima wageni. Basi asubuhi na mapema, kabla ya mtu yeyote, nikakiendea nikakivuta juu shibiri moja, nikakipima kwa mkono mara mbili, nikakifuta hata matope. Sasa kiko sawa, nikasema. Bismillahi, leo ndiyo leo.

Wageni wangu walikuwa watatu: bwana mmoja, bibi yake, na mzee mrefu mwenye kofia pana kama sinia. Bandani nilisoma kwa kidole kuliko siku zote. Kwenye konokono nilikawia mno, na bibi akauliza tena, "Shekuwe?" Nikamwambia, "No Shekuwe. Lali." Nikawapeleka kwenye njia. Mkato haujafunikwa, uko juu ya maji vizuri kabisa. Tukaingia.

Kwenye dungu nilimimina. Nilieleza mkoko na mkandaa, nilieleza mchu na muia, kila mti wa humo, nilieleza ukoo wangu. Nilikuwa natafuta komafi la kupasua nilipoona konokono ananipita. Ananipita usawa wa macho, vijana, anapanda shina. Nikatazama mti wa pili, wamo kumi wanapanda. Mti wa tatu umejaa. Wote wanakwenda juu, na mimi nikajiambia, hawa leo wana nini?

Nilipogeuka, mkondo ulikuwa umeshajaa na boriti zetu za njia zinaelea kama majahazi.

Yule mzee wa kofia alipanda mzizi wa mkoko, bwana akambeba bibi, dungu likaanza kutikisika. Maji yalinifika kiunoni, nanyi mkimuuliza Omari atawaambia hayakuzidi magoti, lakini yeye hakuwako. Kofia ya sinia ilielekea Somalia. Mimi nilisoma kila sura niliyoijua na nilipomaliza nikaanza upya.

Ndipo ukatokea mtumbwi baina ya miti, na Shekuwe ndani anapiga kafi taratibu, kama mtu anayekwenda kuchuma limau. Akawapandisha wageni mmoja mmoja. Mimi nikawa wa mwisho, nimeng'ang'ania ubavuni.

"Ndoo upande, Bwana Lali," akasema, maana kwao njoo ni ndoo, jana ni yana na chini ni tini. "Maji yamekuya."

"Nimeyaona."

Akapiga kafi mara mbili tatu. Kisha, bila kunitazama: "Ile shibiri ya yana, mimi niliirudisha."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa, na maji yale yote yakawa baridi. Jana jioni, baada ya wageni wake kuondoka, Shekuwe alikuwa amekivuta kijiti na kukiweka mahali pake. Asubuhi mimi nikakivuta tena. Kijiti kilikuwa juu shibiri nzima kuliko haki yake.

"Hukunambia!" nikamwambia.

"Nawe hukunambia ulipokitia tini."

"Na uliyuaje?"

"Konokono. Maji yakitaka kuya wapanda mapema. Yana walikuwa tini wote, kijiti chasema maji tayari. Nikaona, ah, mmoja katika hawa asema uongo, na konokono hawana haja ya ufunguo."

Bwana akauliza kwa Kiingereza tunasema nini. Nikamwambia, "Very good water."

Ufukoni Bwana Misitu alikuwa anangoja, mwekundu kama pilipili. Alikwenda moja kwa moja kwenye kijiti, akakitikisa, akauliza kwa Kiswahili chake: nani amegusa hiki? Mzee Bwanaheri akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, naiona inaondoka na kofia ya yule mzee.

"Kaa," akasema Shekuwe.

"Nini?"

"Kaa, Bwana. Wachimba tini, kijiti chapanda. Siku za bamvua ndivyo wafanyavyo."

Bwana Misitu alitoa daftari mfukoni akaandika, na usoni mwake hasira ikageuka furaha. Huenda mpaka leo huko kwao kuna kitabu kinachosema kaa wa Manda hung'oa vijiti. Mkikikuta, mjue kaa mwenyewe ni mimi.

Jumamosi Mzee alifungua kamba kiunoni mbele yetu sote. Akaja hadi kwangu kwanza, akasimama, nikaunyoosha mkono bila kujua. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Lali, wewe wajua kusema. Yeye ajua kutazama." Akapita, akampa Shekuwe.

Mnadhani nilimshukuru aliyeniokoa maji na kazi? Kwa mdomo, ndiyo. Moyoni wivu ulinenepa. Kabla ya hapo nilimwonea wivu kwa kupendwa. Sasa nikamwonea wivu hata kwa kunisamehe, maana mimi nisingaliweza. Nilifanya kazi chini yake hadi vita vilipoanza, Bwana Misitu akaondoka na nyumba ikafungwa, mchwa wakamaliza waliobakizwa na sisimizi. Siku ya kufunga kila mtu alichukua kumbukumbu. Shekuwe alibaki na ufunguo usio na mlango. Mimi nilichukua kile kikaratasi kirefu cha konokono, nikakitia ndani ya sanduku langu la nguo, kwa sababu ndicho kilichonipa heshima.

Kuna jambo sikumwambia mtu. Siku moja, yeye ndiye mkubwa na ufunguo uko kiunoni mwake, Shekuwe alinivuta kando. Alikuwa na haya kama mwari.

"Lali, nina neno. Wewe nakuonea wivu."

"Mimi?"

"Hizi karatasi. Nakuona watia kidole, wasoma, Wazungu wakusikiza. Mimi nimeleta vitu hivi vyote kwa mikono yangu na siyui vimeandikwaje. Nifundishe."

Vijana, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningemwambia, ndugu yangu, sisi sote vipofu, natunga. Tungecheka hadi Chundwa. Badala yake nilinyoosha kanzu nikamwambia, "Herufi hizi ngumu, Shekuwe. Kwa mtu aliyekulia mikokoni, si leo." Akasema, "Kweli," akaenda. Hicho ndicho kitu kimoja nilichokuwa nacho na yeye hana, na sikuwa nacho.

Alifariki miaka mingi baadaye, Mungu amrehemu. Nilikwenda mazishini. Kufika Mtangawanda kwa kawaida ni kungoja maji nusu ya siku. Siku ile yalikuwa yamejaa yanatungoja sisi. Hata akiwa maiti bahari ilimpa heshima. Nililia, na katikati ya kilio nikahesabu watu waliohudhuria, nikajiuliza mimi watakuja wangapi.

Baada ya hapo lile neno lake, "Nifundishe," halikuniacha. Serikali ilipoleta darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma, hapa mtaani, nilikuwa wa kwanza kuandikishwa na mzee kuliko wote; mwalimu wetu ni binti mdogo, aliniambia, "Babu, kaa wima." Nilijifunza A kama mtoto. Nilifaulu mtihani kwa kishindo, nilikuwa wa kwanza katika wanafunzi tisa, na wawili katika hao ni viziwi kidogo. Cheti kiko ukutani.

Siku nilipokipata nilifungua sanduku la nguo, nikatoa kile kikaratasi. Kimeiva kama jani kavu la mgomba, wino umekuwa hudhurungi. Kiingereza chake kilinishinda, lakini neno moja nililisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, nikarudia, nikavaa miwani nikarudia tena. Nikaenda nacho kwa mwalimu anifasirie yaliyobaki. Akasoma hivi: konokono hawa hupanda shina la mkoko kabla ya maji kujaa, wala hawakosei, tumejulishwa haya na Shekuwe wa Chundwa, ambaye ndiye aliyeleta vitu vingi vilivyomo humu, na chini, kwa wino mwingine wa baadaye: mgeni akitaka kujua zaidi na amuulize yeye.

Hirizi yenyewe ndiyo hiyo. Haikuwa chini ya kizingiti.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Bi Mwanesha akaniuliza, "Kimeandikwa nini?" Kabla sijajibu akaongeza, "Nisomee basi, msomi wangu, kama ulivyokuwa ukiwasomea wale Wazungu." Nikakilaza mezani. Nikakiwekea kidole pale pale nilipozoea kukiweka, mahali ambapo karatasi imechakaa na kufanya doa kwa kuguswa miaka yote ile, nikatazama kidole kimeangukia wapi.

Kilikuwa juu ya jina lake.